Rafiki wa Usiku wa Uhuru

Watu husema kwamba milima haikutani bali binadamu hukutana. Neno hili hutamkwa kwa wepesi mtu akutanapo na rafiki wa zamani njiani. Na likiisha kutamkwa watu hucheka, hushikana mikono, huulizana habari za watoto, kisha kila mmoja hushika njia yake. Walakini kuna kukutana kwa namna nyingine, ambako baina ya marafiki hao pana jambo lisilopata kutajwa, na kila mmoja anajua kwamba mwenziwe analijua. Habari ya wazee wawili waliokutana tena Makongeni, mjini Thika, mwezi wa Desemba mwaka 2023, ni ya namna hiyo ya pili. Yafaa isimuliwe kwa ukamilifu, kwa maana wasomaji wengi wanaye rafiki ambaye hawajamwuliza hali tangu siku fulani, nao wanaijua siku hiyo vizuri sana.

Makongeni inayotajwa hapa si ile ya Nairobi, mtaa wa watu wa Reli, bali ni ile ya Thika, kando ya barabara iendayo Garissa. Jina lake lataja makonge, na si ajabu, kwa kuwa nchi yote iliyozunguka Thika ilipandwa mkonge katika siku za walowezi. Mmea huo uliletwa Afrika ya Mashariki mwaka 1893, ukaanzia upande wa Tanganyika, kisha ukapanda hadi nyanda hizi kavu. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Baada ya Vita Kuu ya Pili vikaja viwanda: cha kutia mananasi mikebeni, cha kutengeneza mikebe yenyewe, cha ngozi, na baadaye vya nguo. Pamoja na viwanda wakaja watu, kutoka Murang'a na Machakos, Kitui, Nyanza na nchi ya Waluhya, wakapanga vyumba, wakajaribu kuelewana. Mji wa namna hiyo hauna wazee wake wa asili wala mbuyu wa kukutania. Kitu kinachowafanya watu wake wawe watu wa mahali pamoja ni kazi siku sita, na sikukuu.

Mwaka 1962 vijana wawili walipata kazi katika kiwanda kimoja cha ngozi. Mmoja alitoka Kandara, katika wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati ule na ambayo leo ni Murang'a. Utoto wake ulikuwa umepita ndani ya kijiji cha Hali ya Hatari, kilichozungushiwa handaki na miiba. Mwingine alitoka nchi tambarare ya Kano, karibu na Kisumu, ambako mto Nyando ukifurika huingia nyumbani bila kubisha hodi. Kila mmoja alikuwa na umri wa miaka 19 hivi. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, nacho kilikuwa kibovu kwa wote wawili, hivyo hapakuwa na wa kumcheka mwenziwe.

Urafiki wao, ukitaka kujua asili yake, ulitokana na harufu. Mtu afanyaye kazi ya ngozi hushinda kutwa akishika ngozi mbichi zilizolowekwa katika chokaa, akizikwangua manyoya na mafuta, na uvundo wake hauondoki kwa sabuni ya kipande. Wapangaji wengine hawakupenda kulala chumba kimoja na mtu wa ngozi. Basi watu wa ngozi walilala pamoja, naye kijana wa Kandara na kijana wa Kano wakapanga chumba kimoja, kitanda kimoja na mkeka mmoja, wakipeana zamu ya kitanda kila juma. Kwa muda wa miaka minne walikula sufuria moja. Aliyepata barua kutoka kwao aliisoma kwa sauti, akiitafsiri kadiri alivyoweza, hata kila mmoja akazijua ng'ombe za kwa mwenziwe kwa rangi zao.

Desemba hiyo ya 2023 walipokutana tena, wote wawili wakiwa wamepita miaka 80, hawakuanza na habari za chumba wala za kiwanda. Walianza na usiku wa Uhuru.

Jambo hilo halikosi sababu. Ilikuwa siku ya Jamhuri, Jumanne ya tarehe 12 Desemba, na Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 60 ya uhuru wake. Redio ilikuwa imeshinda ikizungumza habari hizo. Mzee wa Kano alikuwa amefika Juja siku mbili kabla, kumtazama mjukuu wake wa kike asomaye katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Juja si mbali na Thika. Kwa matatu mtu huenda na kurudi kabla chai haijapoa. Msichana alimwuliza babu yake kama si huko Thika alikokaa zamani. Babu akajibu kwamba ndiko. Msichana akauliza mbona hataki kwenda kuwasalimu watu. Wajukuu huuliza maswali ambayo watoto wa kuzaa hawathubutu kuuliza. Mzee alinyamaza kitambo, akasema, "Haya, twende."

Walipofika Makongeni mzee hakuitambua njia, kwa kuwa palipokuwa na nyumba za chini pamesimama magorofa. Lakini aliutambua mwembe uliokuwa mbele ya nyumba ya rafiki yake, akabisha hodi. Mwenyeji alitoka mwenyewe. Wakatazamana. Mwenyeji akasema, "Wakini." Mgeni akajibu, "Omera." Msichana amesimulia baadaye kwamba hapo wote wawili walinyamaza kwa muda mrefu, hata akadhani hawakujuana.

Maneno hayo mawili yahitaji maelezo. Omera ni ndugu, au rafiki, kwa Kijaluo, na halina fumbo. Wakini ni neno la Kikikuyu, maana yake mtu wa rika moja na wewe. Na rika kwa Wakikuyu ni jambo kubwa, kwa kuwa waliotahiriwa msimu mmoja hupewa jina moja, mara nyingi jina la tukio la mwaka huo, nao huwa kama ndugu hadi kufa. Mjaluo wa siku zile hakuwa na sehemu katika utaratibu huo. Walakini asubuhi ya Desemba 12, 1963, walipokuwa wakirudi kutoka Nairobi wamechoka na kuchafuka, kijana wa Kandara alimwambia mwenziwe kwamba tangu siku hiyo wao ni rika moja, rika la Uhuru, na atakayesema sivyo aje kiwandani wamwonyeshe. Lilikuwa neno la mzaha. Likabaki.

Basi waliketi chini ya mwembe, mke wa mwenyeji akaleta chai, mgeni akamwamkia, "Shemeji, hujambo?" naye akajibu bila kumtazama sana usoni. Ndipo usiku wa Uhuru ukaanza kusimuliwa.

Watu wengi wa umri huo hudai kwamba walikuwapo uwanjani usiku ule. Na kama wote wanaodai walikuwapo kweli, uwanja usingetosha hata ungeongezwa mara tatu. Lakini hawa wawili walikuwapo. Walipanda lori kutoka Thika mchana wa Jumatano, Desemba 11, pamoja na vijana wengine wa kiwandani, wakapita Ruiru wakiimba, kila gari lililowapita likiwapigia honi. Mvua ilikuwa imenyesha siku zile, na mahali palipotayarishwa kwa sherehe, kando ya barabara ya Lang'ata, ambapo leo huitwa Bustani za Uhuru, palikuwa pamegeuka tope. Magari yalikwama. Watu wakubwa kwa wadogo walilikanyaga tope lile lile, na mzee wa Kano alisema kwamba hilo lilimfurahisha kuliko hotuba yo yote, kumwona bwana mwenye suti amevua viatu na kukunja suruali.

Ngoma za makabila zilichezwa jioni nzima. Wakamba waliruka angani kama kawaida yao, na kila kundi lililoingia uwanjani lilishangiliwa na watu wake, kisha na watu wasio wake. Karibu na saa sita ya usiku taa zilizimwa. Katika giza bendera ya Mwingereza iliteremshwa; taa zilipowaka tena, bendera nyeusi, nyekundu na kijani ilikuwa ikipanda mlingotini, na Prince Philip, mume wa Malkia, amesimama hapo pamoja na Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu. Usiku huo huo bendera nyingine ilipandishwa juu ya Mlima Kenya, na mpanda milima Kisoi Munyao ndiye aliyeifikisha. Vijana wa Makongeni hawakuyajua hayo hadi walipoyasikia katika redio.

Hapo ndipo wazee walipoanza kubishana. Ubishi wenyewe ulihusu kiatu.

Kwa masimulizi ya mwenyeji, yeye alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi alivyonunua kwa mshahara wa miezi miwili, akampa mwenziwe avivae usiku huo kwa sababu mwenziwe hakuwa navyo, na mwenziwe akakipoteza kimoja topeni wakati taa zilipozimwa. Kwa masimulizi ya mgeni, viatu vilikuwa vyake, alivipata kwa mjomba wake afanyaye kazi Kisumu, naye ndiye aliyemwazima mwenyeji, na aliyekipoteza ni mwenyeji. "Wewe ulirudi Thika na mguu mmoja mtupu," alisema mgeni. "Mimi nilikuwa nimekubeba mgongoni kutoka stesheni." Mwenyeji akaapa kwamba aliyebebwa ni mgeni. Mke wa mwenyeji, ambaye alikuwa ameisikia hadithi hiyo kwa muda wa miaka 50, akasema kwamba kwa kadiri anavyokumbuka yeye, kila mwaka mwenye viatu hubadilika. Wakacheka wote, na ikawa mara ya kwanza mama huyo kucheka siku hiyo.

Si kazi ya gazeti kuamua nani alikuwa mwenye viatu. Lakini yafaa kulitazama jambo hili kidogo, kwa sababu lina faida. Mtu akiwa peke yake na kumbukumbu yake, huipiga pasi hata ikanyooka. Hupunguza hapa na kuongeza pale, na hakuna wa kumwambia la. Kumbukumbu ya sikukuu yahitaji watu wawili au zaidi, kila mmoja ameshika upande wake, na mmoja akivuta mno mwingine akatae. Mwenyeji alikuwa na watoto sita na wajukuu wengi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kumkatalia habari za usiku wa Uhuru. Tangu mwaka 2008 alikuwa ameisimulia bila mpinzani. Alikiri mwenyewe kwamba utamu wake ulikuwa umepungua.

Na baada ya Uhuru? Krismasi ilifuata siku 13 tu baadaye, wakainunua nyama kwa pamoja na kucheza twisti, ngoma ya akina Daudi Kabaka na John Nzenze iliyokuwa imewashika vijana wote wakati huo. Mwaka 1964 Kenya ikawa Jamhuri. Wakaoa, kila mmoja akapata chumba chake, lakini desturi ikabaki kwamba kila Desemba 12 familia mbili zilikula pamoja, samaki kutoka upande mmoja na mukimo kutoka upande wa pili. Watoto walikua wakiamini kwamba Jamhuri ni sikukuu ya kula samaki.

Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya kwa Thika. Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, nguo za mitumba zikajaa, viwanda vya nguo vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya watu wa mji ambao walikuwa wakijua kengele ya kiwanda kuliko jogoo wakabaki bila kengele. Wazee wetu wawili walikuwa wamekwisha toka kazini. Yule wa Kandara alikuwa na kiwanja chake na nyumba ya vyumba vya kupangisha. Yule wa Kano, kwa kuwa aliijua ngozi, alifungua kibanda cha kushona viatu kando ya barabara, akakaa hapo chini ya mwavuli na kile chuma cha fundi chenye miguu mitatu, akitengeneza viatu vya watoto wa shule na vya makarani. Angeweza kurudi kwao. Alisema kwamba Makongeni ndiko kwao kwa pili.

Uchaguzi Mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo ya urais yalipotangazwa siku tatu baadaye fujo zikalipuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Katika Bonde la Ufa Wakikuyu wengi walifukuzwa mashambani. Nao walipofika upande wa Kati na masimulizi yao, baadhi ya vijana wa huku waliona kwamba kisasi ni haki, na katika miji ya kazi Wajaluo na Waluhya wakaanza kuambiwa waondoke. Thika haikusalimika.

Nyumbani kwa mzee wa Kandara usiku mmoja wa Januari walikuwamo watoto wanne wa ndugu yake, waliotoka upande wa Eldoret na nguo walizovaa tu, na mdogo wao hakuwa amesema neno kwa juma zima. Hili litajwe, kwa maana ni kweli, na kwa maana mwenyeji mwenyewe hakulitaja kama kisingizio. Yapata saa tatu usiku mlango ulibishwa. Mbisho ulikuwa wa namna anayoijua, mara mbili kisha mara moja, ule ule wa chumbani mwaka 1962. Mwenyeji aliinuka, akaenda hadi katikati ya chumba, akasimama. Nje barabarani sauti za vijana zilikuwa zikisikika. Kisha akanyosha mkono akazima taa.

Mlango ulibishwa mara nyingine, polepole zaidi. Haukubishwa mara ya tatu.

Mzee wa Kano na mkewe walilala katika uwanja wa kituo cha polisi pamoja na wengine, na siku chache baadaye wakapata nafasi katika basi lililosindikizwa kuelekea Kisumu. Hawakuumizwa mwili. Mkewe alifariki dunia mwaka 2015 huko Kano, bila kurudi Thika.

Asubuhi baada ya usiku ule mzee wa Kandara alikwenda kwenye kibanda cha fundi viatu. Kilikuwa kimevunjwa. Aliokota alichokiona: nyundo, sindano za kushonea, kipande cha nta, na kile chuma cha miguu mitatu ambacho wezi walikishindwa kwa uzito. Akavitia ndani ya sanduku la mbao, akaliweka chini ya kitanda chake. Akasema moyoni kwamba atampelekea mwenyewe mambo yakitulia. Mambo yakatulia. Miaka ikapita, mmoja, mitano, kumi, na sanduku likiwa chini ya kitanda. Kila alipoulizwa na mkewe alijibu kwamba hajui anwani. Anwani aliijua. Alikuwa na barua za huyo mtu tangu siku za likizo za ujana, zenye namba ya sanduku la posta la Ahero juu yake. Na katika siku hizi za simu za mkononi, ambapo mtu wa Makongeni aweza kumpata mtu wa Kano kabla hajamaliza kupiga mwayo, kutojua anwani ni neno lisilosimama.

Wako watakaosema kwamba mzee huyu hakumdhuru mtu. Hakushika panga, hakuimba pamoja na walioimba, hakuonyesha mlango wa jirani. Hayo ni kweli, na katika majuma yale kutofanya hayo hakukuwa jambo dogo. Lakini rafiki hakubisha mlango wa mtu asiyedhuru. Alibisha mlango wa wakini. Na kutoifungua nyumba usiku mmoja kwa hofu ni jambo ambalo binadamu aweza kulisamehe. Kunyamaza kwa miaka 16 ni jambo jingine, kwa sababu hofu haidumu muda wote huo. Kinachodumu muda huo ni haya, na haya isipotolewa nje hufanana kabisa na chuki kwa mtu anayeitazama kutoka mbali. Huko Kano, watoto wa yule mzee walikuwa wameamini kwamba rafiki wa baba yao alikuwa miongoni mwa waliowafukuza. Baba yao hakuwakatalia wala hakukubali. Hakulitaja jina hilo.

Ndiyo maana siku ya Jamhuri chini ya mwembe walizungumza juu ya kiatu kwa muda wa saa mbili. Kumbukumbu za sikukuu zina kazi mbili. Waweza kuzitumia kama daraja, na waweza kuzitumia kama pazia. Na mtu anayesikiliza kwa nje hawezi kutambua mara moja zinatumikaje. Mjukuu wa Juja alidhani wazee wanafurahi. Mke wa mwenyeji, aliyekuwa gizani usiku ule, alijua zaidi, na ndiye aliyeinuka mwishowe akamwita msichana aende kumsaidia jikoni.

Walipobaki wawili, mgeni alisema, "Omera, zile taa pale uwanjani. Unakumbuka zilivyozimwa?"

"Nakumbuka."

"Watu walinyamaza. Mimi nilikushika mkono, nilidhani tutapotezana katika giza lile."

Mwenyeji hakujibu upesi. Kisha akasema, "Nilikusikia ukibisha. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka mlangoni. Taa niliizima mimi."

"Najua," akasema mgeni. "Niliiona ikizimika. Nilikuwa nikitazama chini ya mlango."

Akaendelea kusema, bila kupandisha sauti, kwamba kwa miaka mingi hakuudhiwa na mlango uliofungwa. Alijua vijana wa barabarani wangeweza kuichoma nyumba na wote waliomo. Kama taa ingaliachwa ikiwaka, angalisema kwamba labda watu wamelala, labda hawakusikia. Ilipozimwa alijua kwamba amesikika. Hilo ndilo alilokwenda nalo katika basi, na hilo ndilo lililomfanya asiandike barua, ijapokuwa mkewe alimwomba aandike kabla ya kufa kwake.

Mwenyeji aliomba msamaha. Aliomba kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kikikuyu kwa sababu Kiswahili hakikumtosha, ingawa mgeni hakukielewa chote. Mgeni hakusema kwamba amesamehe. Alisema, "Nimesikia." Wako watu ambao wangetaka zaidi ya hapo, kukumbatiana na machozi kama katika mchezo wa redio, lakini mzee aliyepita miaka 80 akisema amesikia jambo, amelipokea, na litafanya kazi yake kwa wakati wake. Aliongeza neno moja tu: kwamba angependa watoto wake waambiwe na mwenyeji mwenyewe, kwa kinywa chake, jinsi ilivyokuwa.

Ndipo mwenyeji akaingia ndani akalitoa sanduku. Mgeni alilifungua, akazitazama sindano, zilikuwa zimeliwa na kutu. Nta ilikuwa imepasuka. Akakitoa kile chuma, akakiinua, akakishusha, maana mikono haikuwa na nguvu ya zamani. Mjukuu aliporudi na sinia ya chakula alimkuta babu yake ameweka chuma magotini na kuuliza gharama ya kukisafirisha kwa basi hadi Ahero. Chakula kilikuwa mukimo na samaki. Samaki walinunuliwa sokoni Makongeni na mke wa mwenyeji, ambaye aliondoka kimya kwenda kuwatafuta wakati ubishi wa viatu ukiendelea. Na mgeni alimwambia, "Asante, shemeji," akala, ijapokuwa alisema kwamba samaki hao hawajaliona Ziwa muda mrefu.

Katika mazungumzo ya baada ya kula lilijitokeza jambo moja ambalo liliwashangaza wote wawili. Tangu mwaka 1962 mgeni alikuwa amekaa Makongeni miaka 45, alikwenda Kandara kwenye arusi na mazishi mara zisizohesabika, aliwajua wazazi wa mwenyeji na makaburi yao. Mwenyeji hakupata kufika Kano hata mara moja. Alizijua ng'ombe za kule kwa rangi katika barua, lakini mto Nyando hakuuona. Katika miaka yote ya urafiki, aliyetembea alikuwa mmoja.

Mwenyeji aliuliza basi la kutoka Thika hadi Kisumu huondoka saa ngapi. Mjukuu akatoa simu yake kutafuta. Mgeni akamwambia mwenyeji kwamba asije miezi ya mvua za masika, Nyando haina adabu. Aje Januari, wakati njia ni kavu, na wala asihangaike kubeba chuma, kwa kuwa yeye atakibeba mwenyewe. Abebe viatu vya kubadilisha.

"Vyangu au vyako?" akauliza mwenyeji.

Mgeni alimtazama, akamwagiza mjukuu amsomee saa za basi tena, polepole, na aziandike kwenye karatasi.